Fundi Kalala Juu ya Godoro la Mteja

Kijiwe chetu ni benchi moja refu kati ya mlango wa kinyozi na mlango wa fundi magodoro, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba kila upuuzi unaosemwa pale unapita masikioni mwangu nitake nisitake, kwa sababu jiko la mkaa likishawaka huwezi kulibeba ukakimbia nalo. Alasiri hiyo walikuwapo walewale. Kulikuwa na Jaji, ambaye alikuwa tarishi wa mahakama maisha yake yote, akastaafu na sauti ya hakimu. Kulikuwa na Spana, fundi pikipiki, anayeamini Mungu hakuumba kiumbe kisicho na kabureta. Kulikuwa na Kinyozi, aliyemwacha mteja kitini na povu kidevuni ili aje kuchangia hoja. Na katikati yao, kichwa ukutani, alikuwa Godoro, fundi magodoro mwenyewe, mkononi kikombe cha maji ya moto, maana hata kahawa alikuwa amekatazwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Godoro amevuta vumbi la pamba tangu ujana, na miaka yote hiyo alikuwa akimeza vidonge vya aleji asubuhi, vidonge vya kuzibua pua mchana, na jioni anajidondoshea dawa puani kama anayetia mafuta cherehani. Majuzi muuguzi alimpima presha, akashtuka, akamwambia aviache vyote. Akaviacha. Pua ikaziba mpaka akawa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa, kisha ikazibuka, tukashukuru. Ndipo ukaja uchovu. Si uchovu wa kusema nimechoka nipishe nikae. Huu unamkuta amesimama, unamkalisha, unamlaza.

Na kazi yake ina utaratibu ambao hauruhusu mchezo huo. Godoro hatoi godoro dukani kabla hajalilalia mwenyewe, ubavu huu kisha ubavu ule, akitafuta donge la pamba. Siku hizi akilala kutafuta donge, haamki. Alasiri hiyo ndani ya duka kulikuwa na godoro la mama mmoja ambaye mumewe alikuwa anatolewa hospitali jioni hiyohiyo. Lilikuwa limeshashonwa. Godoro alikuwa amelilalia tangu asubuhi tena na tena, na kila mara tumemtoa kwa kumvuta miguu. Sasa alikuwa ameweka vile vidonge vyake vya zamani juu ya benchi, anavitazama.

Godoro: Nameza kimoja tu. Nimalize kazi ya watu, kesho naendelea kuacha.

Jaji: Weka chini. Shauri bado linasikilizwa.

Godoro: Shauri la nani? Mwili wangu, vidonge vyangu.

Jaji: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Godoro: Nimeficha nini mimi? Mtaa mzima unajua mpaka rangi ya makamasi yangu!

Jaji: Ndiyo maana. Ungeficha kidogo ungepata nafuu.

Methali kwa Jaji ni kama mhuri: anagonga popote panapoonekana peupe. Nikamjazia kikombe ili mdomo upate shughuli nyingine. Haikusaidia kitu, maana Kinyozi alikuwa ameshapata nafasi.

Kinyozi: Jamani, jambo lenyewe dogo. Mwili umenuna.

Spana: Umenuna?

Kinyozi: Eeh. Umemzoesha mtu kumletea kitu asubuhi, mchana, jioni. Halafu siku moja unarudi mikono mitupu, husemi hata kwa nini. Atakupikia?

Spana: Atapika, ila chumvi ataisahau makusudi.

Kinyozi: Basi! Mwili wa huyu bwana unafanya kazi, ila kwa kununa. Aubembeleze.

Godoro: Niubembeleze vipi?

Kinyozi: Uombe radhi.

Godoro: Nimwombe nani radhi, goti?

Kutoka ndani kwa Kinyozi ikaja sauti ya mteja: Wewe bwana! Povu linakauka huku!

Kinyozi: Naja, mkubwa! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na anayezikata mtaa huu ni mimi, kwa hiyo nisikilizeni.

Spana: Umechemka. Kununa kitu gani? Hii ni injini. Asubuhi ukiwasha pikipiki unavuta choki, sivyo? Ikishapata moto, unairudisha. Sasa mwenzetu huyu kavuta choki ujanani, akasahau kuirudisha. Miaka yote anakwenda na choki! Mtu unamsikia ananguruma, unasema, lo, huyu ana nguvu. Kumbe choki. Muuguzi kaja kairudisha siku moja, pap. Itaacha kuzimika?

Nakiri hapo nilisimama na birika mkononi, kwa sababu kwa mara ya kwanza jambo lililosemwa kwenye benchi lile lilikuwa na harufu ya maana. Lakini Spana hajui kuliacha jambo likiwa bado zuri.

Spana: Na dawa yake ni kumsukuma.

Jaji: Kumsukuma wapi?

Spana: Tunampandisha pale juu ya mteremko, tunamwachia. Akifika chini, amewaka.

Godoro: Nisukumwe mteremkoni, na presha hii?

Spana: Gia namba mbili. Hutaumia.

Godoro akafumba macho. Nilidhani amesinzia, kumbe alikuwa anamwomba Mungu subira. Midomo ilikuwa inacheza.

Jaji: Nimewasikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Wote mmesahau kielelezo muhimu. Chafya.

Kinyozi: Chafya zipi?

Jaji: Hizo ndizo. Mtu anayeshinda kwenye vumbi la pamba anatakiwa kupiga chafya kutwa. Huyu alikuwa anapiga?

Spana: Hapigi. Mimi sijawahi kumsikia.

Jaji: Zilikwenda wapi?

Hata mimi nilijikuta nafikiri zilikwenda wapi, na nikajikasirikia.

Jaji: Hazikwenda popote! Alizizuia kwa dawa, zikabaki. Zimo humo, zimepangana kifuani kama majalada. Na chafya ina uzito, usione inatoka upesi. Huyu anatembea na chafya za miaka yote. Wewe ungekuwa yeye usingechoka?

Kinyozi: Kwa hiyo akizipiga zote...

Jaji: Anakuwa mwepesi. Dawa ya moto ni moto.

Kabla sijaweka birika chini, Kinyozi alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na brashi yake ya poda, ile ya kupangusia shingo. Godoro alifungua mdomo aseme asithubutu, na hiyo ndiyo ikawa bahati yake mbaya. Poda ikamwingia pua na mdomo. Alipiga chafya mpaka maji ya moto yakamwagikia miguu ya Spana, akapiga mpaka vidonge vikaanguka, akapiga mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakasimama. Benchi zima likawa linashangilia kama uwanja wa mpira. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, akaegemea ukuta, akalala fofofo.

Spana: Tumemzima kabisa.

Jaji: Bado zimebaki kidogo.

Nilichukua kitambaa, nikakichovya kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, nikamwekea usoni. Aliamka akiwa mweupe kwa poda toka nywele hadi kola. Na hapo ndipo mtu mpole yule, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliipaza.

Godoro: Hamna hata haya? Nimewafanya nini mimi? Mnanipaka poda kama mtoto mchanga! Nimeambiwa acha, nimeacha. Nani aliniambia nitakuwa hivi? Hakuna! Nimerudi kule zahanati, nikaambiwa pumzika. Nipumzike mara ngapi? Nimepumzika mpaka nimechoka kupumzika! Mke wangu ananitazama kama mgeni aliyekaa sana. Binti yangu jana kaniuliza, baba, una huzuni? Sina huzuni, mwanangu, nina usingizi! Na nikisema nina usingizi nacheka mwenyewe, maana nimeamka sasa hivi.

Kinyozi: Pole, bwana.

Godoro: Pole yako iweke. Yule mama yuko njiani. Mumewe kalala hospitali hata mgongo umefanya vidonda. Mtu mzima kama wewe akikutana na donge anajigeuza. Yule hawezi kujigeuza. Donge dogo tu, kwake ni jiwe, atakuwa juu yake usiku kucha. Siwezi kulitoa bila kulilalia, na nikililalia silimalizi. Niambieni nifanye nini. Msiniambie choki.

Spana, aliyekuwa amefungua mdomo, akaufunga.

Kinyozi: Basi nikusaidie. Nililalie mimi.

Godoro: Wewe? Nilipokufungulia godoro lako kulipiga pamba upya nilikuta mkasi ndani. Mkasi! Umeutafuta duka zima, kumbe unaulalia.

Kinyozi: Ulikuwa mkasi mdogo.

Jaji: Ngojeni. Ngojeni hapo hapo. Shahidi amejisema mwenyewe.

Nikajua hakuna jema linalokuja. Jaji akisema “shahidi amejisema mwenyewe” huwa anasimama, na akisimama huwa anashika kola kama aliyevaa joho.

Jaji: Wewe unafungua magodoro ya zamani ya watu. Ndani mna nini?

Godoro: Pamba.

Jaji: Na nini?

Godoro: Na mkasi wa Kinyozi.

Jaji: Na usingizi! Mtu kalala juu ya godoro hilo miaka na miaka. Usingizi wote ule ulishuka wapi? Umo ndani ya pamba. Unakuja wewe na wembe wako, unapasua, usingizi wa watu unatoka, unakuingia puani.

Spana: Subiri, Jaji. Dawa ndiyo iliyokuwa inazibua pua. Si angeuvuta zaidi zamani?

Jaji: Pingamizi limekataliwa.

Spana: Kwa sababu gani?

Jaji: Kwa sababu nimesimama.

Kinyozi: Ina maana usingizi huu si wake?

Jaji: Hata kidogo! Anasinzia usingizi wa jirani. Sasa hivi kuna mtu mtaani hapa anagaagaa hapati lepe, na usingizi wake umo ndani ya fundi huyu.

Kinyozi: Mama mkwe!

Jaji: Nani?

Kinyozi: Mama mkwe wangu! Halali usiku, anaanza kupanga vyombo alfajiri. Na godoro lake lilipigwa pamba hapahapa! Bwana Godoro, mrudishie mama wa watu usingizi wake, mimi nimeteseka!

Jaji: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Spana: Hiyo inaingiaje?

Jaji: Ni matandiko.

Hapo nikaona Godoro ameinama, ameokota vile vidonge chini, amebonyeza kimoja kimetoka, kimekaa kiganjani. Hakugombana tena. Ndicho kilichonichoma, kwamba hakugombana. Wenzake walikuwa wanazozana juu ya mama mkwe, na yeye ananiomba maji kwa ishara ya kikombe. Nilikuwa na maji. Nikajifanya natafuta.

“Hodi hapo.”

Alikuwa yule mama. Mkononi shuka mpya iliyokunjwa, miguuni viatu vya kutembea mbali, na uso wa mtu aliyeongea na makarani wengi kwa siku moja.

Sote: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba. Fundi, godoro la mzee liko tayari?

Kabla Godoro hajajibu, wakamjibu wao, wote kwa pamoja. Kinyozi akamweleza kwamba mwili umenuna. Spana akamweleza choki. Jaji akamweleza chafya na majalada, na alipofika kwenye usingizi wa watu ndani ya pamba akamtahadharisha kwamba usingizi wa mumewe huenda ndio unaomlaza fundi. Mama wa watu alisimama akiwageukia mmoja mmoja, na kwa kila maelezo alikuwa anaikunja ile shuka mkunjo mmoja zaidi, mpaka ikawa kama kitabu. Kisha akamtazama Godoro, poda kichwani, kidonge kiganjani.

Mama: Kwa hiyo mnasema fundi kabadilika.

Jaji: Kabadilika kabisa, mama. Huyu si yeye.

Mama: Na dawa alizianza ujanani.

Jaji: Ujanani.

Mama: Kabla hajazianza, alikuwaje?

Jaji: Kabla ya lini?

Mama: Kabla ya dawa. Alikuwa mtu wa nguvu, au wa kuchokachoka? Mnasema huyu si yeye. Yeye ni yupi?

Nimekaa na birika pale kwa muda mrefu, na sijawahi kuisikia barabara ile. Siku hiyo niliisikia: baiskeli ikipita, mtu akifunga dirisha juu. Jaji akashika kola, akaiachia. Akajikuna.

Jaji: Mimi nilipomjua, alikuwa nazo mfukoni.

Spana: Mimi nilikuwa kwenye harusi yake. Alimeza mbele yangu, ndipo akaingia kwa bibi harusi.

Kinyozi: Mimi nimehamia hapa juzijuzi tu.

Wakanitazama mimi. Godoro ninayemjua mimi, yule anayebeba magodoro mawili kwa mpigo huku akiimba, nimemjua na vidonge vyake. Hata mkewe, nikafikiri, hata yule mkewe anayemtazama kama mgeni, alimkuta navyo.

Mama: Fundi mwenyewe je?

Godoro: Hilo, mama, ndilo linaloninyima raha. Sijui. Sikumbuki. Hawa wanasema nimepotea, na mimi kila nikiamka najiuliza, pengine sikupotea. Pengine huyu ndiye mimi.

Nalisema wazi: niliumia. Nilimwona mwenzangu ameanza uzee bila kujua amekwenda huko na nani. Nikataka mtu aseme uongo, aseme “la hasha, utarudi,” na hakuna aliyethubutu, hata Jaji, ambaye uongo wa heri huwa ndio kazi yake.

Mama hakumpa pole. Alitazama kivuli cha jengo barabarani kama anayetazama saa.

Mama: Huyo wa sasa, ndiye aliyeshona godoro la mume wangu?

Godoro: Ndiye.

Mama: Basi huyohuyo anifungulie mlango. Mzee yuko njiani, na mimi sikuja kumngoja mwingine.

Godoro akakiweka kile kidonge juu ya benchi, akashika ukuta, akanyanyuka kwa vipande, kwanza mgongo, kisha magoti, akaingia dukani. Sisi tukajazana mlangoni. Mteja wa Kinyozi naye akatoka, povu limekauka, shavu moja limenyolewa na moja lina ndevu, akauliza kuna nini. Tukamwambia shhh.

Godoro akalala ubavu wa kulia. Akatambaza kiganja. Akageuka ubavu wa kushoto. Macho yakaanza kufumba. Yakafumba. Spana akapiga hatua kwenda kumvuta miguu, na mama akamzuia kwa ile shuka bila kumtazama. Tukangoja. Kifua cha Godoro kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, mdomo wazi, na nikasema moyoni, basi, kazi imekwisha, ameondoka. Kinyozi alianza kusikitika kwa sauti.

Kidole kikagonga godoro. Macho bado yamefumbwa.

Godoro: Hapa.

Mama: Wapi?

Godoro: Chini ya kidole. Mnipe sindano kabla sijapapoteza.

Alilifumua pale na kulishona upya akiwa amekaa sakafuni, kichwa kikianguka na kuinuka, na mara mbili alijichoma, na zote mbili alishukuru kwa sababu zilimwamsha. Donge alilolitoa halikuzidi punje ya hindi. Mama akalichukua, akalifikicha kati ya vidole, akalitia kwenye kona ya shuka na kupiga fundo. Sikumwuliza la nini.

Godoro likabebwa na Spana mbele na yule mteja wa shavu moja nyuma, Kinyozi akiwafuata na wembe akiomba amalizie hata njiani. Mama akaenda nao bila kugeuka.

Fundi wetu akarudi kwenye benchi. Kidonge kilikuwa pale pale alipokiacha. Akakitazama muda mrefu hivi kwamba nilimjazia kikombe maji bila yeye kuomba, nikamwekea karibu, nikasema moyoni, liwalo na liwe, si mwili wangu. Aliyanywa maji yote. Kisha akakipindua kile kikombe, akakifunika kidonge, akaegemea ukuta na kulala.

Jaji alingoja kidogo kwa heshima. Halafu akakohoa, akasimama, akashika kola.

Jaji: Sasa. Turudi kwenye swali la yule mama. Mimi ninavyoona, kabla ya zile dawa...

Mimi: Kahawa imekwisha.

Jaji: Imekwishaje? Birika si hilo linatoa mvuke?

Mimi: Imekwisha, Jaji. Nenda nyumbani. Mtu amelala.